Kubadilisha Oili ya Pikipiki ya Kastomu: Pima Mwenyewe Kabla ya Kuamini Kijiti

Pikipiki iliyotoka kiwandani ina kitabu chake, na kitabu hicho kinasema kweli: tia oili kiasi hiki, pima hivi, kaza hapa. Lakini ukishakata fremu, ukashusha shokomzoba za nyuma, ukang'oa stendi ya kati na kupitisha ekzosi njia nyingine, nusu ya maelezo hayo hayakuhusu tena. Injini ni ileile, ila haikai ilivyokuwa ikikaa. Ndiyo maana pikipiki nyingi za kastomu hapa Nairobi, za mitindo ya skrambla na kafe resa, zinatembea na oili pungufu au iliyozidi, huku mwenyewe akichomoa kijiti cha kupimia oili na kuona kila kitu kiko sawa.

Kufungua bolti na kumwaga oili ni rahisi. Kazi hasa ni kujua ni kiasi gani kirudi ndani, na kukijua kwa kipimo.

Anza na injini uliyo nayo

Pikipiki za kastomu za hapa nyingi zimejengwa juu ya mashine za kawaida: injini za aina ya Honda CG125 na nakala zake za Kichina, Suzuki GN125, Bajaj Boxer, TVS. Fremu inaweza kuwa ya pikipiki moja na injini ya nyingine, kwa hiyo jina lililoko kwenye tangi au kwenye logbook lisikuongoze. Safisha kasha la injini kwa brashi na petroli kidogo, kisha usome herufi zilizogongwa kwenye chuma.

Injini nyingi za Kichina zina nambari kama 156FMI, 162FMJ au 163FML. Tarakimu ya kwanza ni idadi ya silinda, yaani moja. Mbili zinazofuata ni upana wa silinda kwa milimita. F ni ya kupozwa kwa hewa, M ni ya pikipiki, na herufi ya mwisho inataja ukubwa: I ni kundi la cc 125, J la 150, L la 200. Ukishajua hilo unaweza kuuliza kiasi cha oili cha injini yako badala ya kiasi cha fremu yako.

Injini ya CG125 huchukua takriban lita 0.9 hadi 1 unapobadilisha oili kawaida. Ikiwa imefunguliwa yote na kukaushwa, hufika lita 1.1 hivi. Tofauti hiyo ni oili inayobaki kwenye mifereji na pembeni hata ukiimwaga kutwa nzima. GN125 huchukua mililita 850 bila kubadilisha filta, 950 ukibadilisha filta, na 1,300 ikiwa imefumuliwa. Kwa hiyo anayemimina chupa nzima ya lita moja kwenye GN125 kwa sababu chupa inauzwa ya lita moja, tayari amezidisha.

Kama fundi aliongeza rejeta ya kupoza oili, mabomba yake na rejeta yenyewe vinabeba oili ya ziada, na sehemu ya oili hiyo haitoki kupitia bolti ya chini. Pima mara moja tu: siku rejeta imefunguliwa, ijaze maji kwa sirinji au jagi lenye vipimo, uandike mililita ngapi zimeingia. Kisha imwage, uipulize na kuikausha kabisa kabla ya kuirudisha.

Mlalo wa injini

Hapa ndipo pikipiki za kastomu zinapoumia, na ndipo tunapoomba ukae kidogo.

Tuseme umeshusha nyuma kwa sentimita 5, na magurudumu yameachana sentimita 125. Injini imelala nyuma kwa digrii 2 na kidogo. Inaonekana si kitu. Lakini tundu la kijiti likiwa sentimita 10 nyuma ya katikati ya dimbwi la oili, usawa wa oili pale umepanda milimita 4. Kwenye kijiti ambacho alama ya chini na ya juu zimeachana milimita 10, hiyo ni karibu nusu ya nafasi yote. Kijiti kinasema imejaa, kumbe imepungua. Ukishusha mbele kwa kupandisha fito za foku (shokomzoba za mbele) kwenye mabano, kosa linageuka: kijiti kinasema imepungua, unaongeza, na oili ya ziada inatafuta pa kutokea.

Tena kuna stendi. Stendi ya kati iking'olewa ili pikipiki ipendeze, watu huanza kupima ikiwa imeegemea stendi ya pembeni. Oili yote inakimbilia kushoto, na kijiti kilichoko kulia kinatoka karibu kikavu. Pikipiki ipimwe ikiwa wima, magurudumu yote mawili yakiwa kwenye sakafu sawa, na mtu wa pili ameishika. Stendi ya kuinua gurudumu la nyuma nayo inalaza injini mbele; ifae kwa kumwaga oili, isitumike kupimia.

Namna ya kupata mlalo wa kiwandani ni hii. Tafuta pikipiki ya kawaida yenye injini kama yako. Kwenye steji yoyote ya boda boda hutakosa, na ukieleza unachotaka, mwenyewe atakupa dakika mbili. Hakikisha imesimama wima mahali tambarare. Weka simu yenye programu ya pimamaji juu ya sehemu bapa ya kasha la injini, sehemu ambayo hata kwako ipo, kwa mfano ukingo wa kifuniko cha klachi. Andika digrii na upande inakoinamia. Fanya vivyo hivyo kwenye pikipiki yako. Tofauti ndiyo mlalo wako. Unapopima oili, weka ubao wa unene unaofaa chini ya gurudumu lililoshushwa hadi simu isome digrii zilezile za pikipiki ya kawaida. Hapo kijiti kinasema kweli.

Ukishapata usawa sahihi, ondoa ubao, shusha pikipiki kama inavyokaa siku zote, pima tena, na utie alama mpya kwenye kijiti kwa tupa ndogo pale oili ilipofika. Kuanzia siku hiyo unasoma alama yako. Kwa injini zenye kidirisha cha kuonea oili badala ya kijiti, piga mstari kwa rangi ya kucha pembeni ya kioo. Rangi hiyo inavumilia joto la pale na haifutiki kwa kitambaa.

Jambo moja dogo linalowakosesha wengi: kwenye Honda na nakala zake, kijiti huwekwa juu ya tundu bila kufungwa kwa kuzungushwa. Ukikizungusha hadi mwisho kinazama zaidi, nawe unadhani oili ni nyingi kuliko ilivyo.

Oili gani

Injini hizi ndogo zinatumia oili moja kwa pistoni, gia na klachi. Klachi imelowa ndani ya oili ileile. Oili nyingi za magari ya petroli ya siku hizi, hasa nyepesi kama 5W-30, zina viungo vya kupunguza msuguano ili gari libane mafuta, na viungo hivyo vinaiharibia klachi kazi: ukivuta gesi, injini inapaa na pikipiki haiendi. Kwa hiyo soma nyuma ya chupa utafute JASO MA au MA2, alama za kiwango cha Kijapani cha oili za pikipiki. JASO MB ni ya skuta zisizo na klachi iliyolowa, iache. Chupa isiyotaja JASO kabisa, hata kama ina picha ya pikipiki, tunashauri uirudishe rafuni.

Kuhusu unene, 20W-50 ndiyo iliyozoeleka kwa injini za kupozwa kwa hewa, na inafaa kwa mtu anayekaa kwenye foleni za Jogoo Road au Mombasa Road injini ikinguruma bila upepo. Injini mpya au iliyojengwa upya vizuri inakwenda sawa na 10W-40, hasa asubuhi za Julai ambapo baridi ya Nairobi inaifanya oili nzito ichelewe kupanda juu. Fuata kwanza alichosema mtengenezaji wa injini. Na kati ya oili ya bei kubwa inayokaa muda mrefu na oili ya kawaida inayobadilishwa mapema, kwa injini ya cc 125 yenye chujio cha waya tu, sisi tunachagua ya pili bila kusita.

Oili bandia zipo. Nunua chupa ambayo kifuniko chake hakijafunguliwa, chenye pete nzima na karatasi ya kuziba mdomo, kutoka kituo cha petroli au duka linalotoa risiti. Alama ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, ina nambari ya kibali chini yake; tuma SM# ikifuatwa na nambari hiyo kwenda 20023 uone kama jina linalorudi linalingana na la chupa. Oili ya kupimiwa kwenye chupa ya soda si ya kutia kwenye injini uliyoitolea jasho. Washa (pete ya kuziba chini ya bolti), oringi na gasketi utazipata Kirinyaga Road. Nenda na ile ya zamani mkononi, usitaje jina la pikipiki tu.

Kazi yenyewe

Kusanya vitu kabla ya kuanza: oili, washa mpya ya bolti, filta na oringi yake kama injini inatumia, spana ya boksi inayokaa sawasawa (17 kwa injini nyingi za aina ya Honda), karai, faneli, jagi lenye vipimo vya mililita, vitambaa, glavu na foili ya jikoni. Spana ya mdomo wazi au ya kurekebisha itakula pembe za bolti, iache.

Endesha pikipiki dakika tano hadi kumi ili oili ilegee na kuinua uchafu ulioketi chini. Zima, subiri dakika nyingine tano. Oili ya moto sana inaunguza, na ekzosi iliyohamishwa huenda iko karibu na mkono wako kuliko unavyodhani.

Ekzosi ndiyo kero kubwa ya mashine hizi. Ikiwa bomba linapita chini ya bolti ya kumwagia, kunja foili iwe mfereji, iweke juu ya bomba, uelekeze oili kwenye karai. Kama bomba limezungushwa utepe wa kuzuia joto, funika utepe huo kabisa kwa foili na kitambaa. Utepe hunyonya oili kama utambi wa taa, na oili hiyo itafuka moshi na inaweza kuwaka bomba likipata moto. Ikishaingia, kupangusa hakutoshi: fungua utepe utoe, safisha bomba, funga mwingine. Na kama bomba linazuia boksi isikae wima kwenye bolti, legeza bomba. Dakika kumi za kulegeza ekzosi ni nafuu kuliko kasha la alumini lililopasuka.

Fungua kwanza kifuniko cha kutilia oili, hewa iingie. Kisha legeza bolti ya chini, umalizie kwa vidole huku ukiisukuma juu hadi nyuzi ziishe, uivute pembeni kwa ghafla. Acha oili itoke dakika kumi na tano. Inamisha pikipiki kushoto na kulia mara chache. Hasa iliyolala nyuma au mbele kuliko kawaida hubakiza oili kwenye kona ambayo zamani ilikuwa ikimwagika yenyewe.

Mimina oili iliyotoka kwenye jagi uipime. Ikitoka mililita 600 mahali palipopaswa kutoka 900, injini inakula oili au inavuja, au mara iliyopita ilitiwa pungufu.

Kwenye GN125, filta ya karatasi iko nyuma ya kifuniko kidogo cha duara chenye nati tatu. Piga picha kwa simu kabla ya kutoa chochote. Upande wenye tundu unaingia ndani. Upande uliozibwa unasukumwa na springi. Ikirudishwa kinyume, oili haipiti inavyotakiwa, na kamshafti huko juu ndiyo inayoumia kwanza. Injini za CG hazina filta ya karatasi. Zina chujio cha waya, na kikombe kinachozunguka kwenye ncha ya krankshafti nyuma ya kifuniko cha kulia, ambamo uchafu mzito hukwama ukiwa kama grisi nyeusi. Havifunguliwi kila mara. Kila kilomita 10,000 hadi 12,000 inatosha, na siku hiyo andaa gasketi mpya ya kifuniko. Kama umenunua injini kuukuu, fungua mara ya kwanza bila kungoja kilomita hizo, maana hujui aliyekutangulia alifanya nini.

Futa bolti, weka washa mpya. Washa ya alumini hutumika mara moja. Ya shaba unaweza kuipasha moto hadi iwe nyekundu ikalegea tena, lakini mpya ni bei ndogo mno kuhangaikia. Anza kufunga kwa vidole. Ikikataa baada ya mzunguko mmoja, itoe uanze upya, usilazimishe. Bolti ya milimita 12 hukazwa takriban Nm 20 hadi 30; fuata kipimo cha injini yako kama unacho. Asiye na spana ya kupimia nguvu atumie yenye mpini mfupi: bolti ikishagusa washa, ongeza kama robo mzunguko, uache. Nyuzi za kasha ni za alumini, bolti ni ya chuma. Ukizidisha, kasha ndilo linaloliwa. Nyuzi zikishaliwa, ipeleke kwa fundi wa mashine aweke nyuzi za chuma za kuingiza. Utepe mweupe wa mabomba ya maji hauzibi kitu hapo, na vipande vyake vitaishia kwenye chujio.

Tia asilimia 90 ya kiasi cha oili cha injini yako, si cha ile iliyotoka. Washa injini, iache ingurume taratibu dakika mbili au tatu bila kuvuta gesi, kisha zima na usubiri dakika tatu. Pima ikiwa wima kwenye mlalo sahihi. Ongeza kidogo kidogo, mililita 50 kila mara. Ukifika, andika jumla ya mililita kwenye kipande cha plasta chini ya kiti, pamoja na kilomita na aina ya oili. Pikipiki yako haina kitabu kingine.

Kabla ya kutoka barabarani, pangusa tairi la nyuma na diski ya breki. Tone moja hapo linatosha kukuangusha kwenye kona.

Injini zenye tangi la oili la pembeni

Yamaha SR400 na SR500 hubeba oili ndani ya bomba la fremu. Kuna bolti mbili za kumwagia, moja kwenye fremu na moja chini ya injini, na anayefungua moja tu anachanganya mpya na chafu. Kubadilisha kawaida ni lita 2, na filta lita 2.1, na jumla ikikaushwa ni 2.4. Mashine hizi zikilala siku kadhaa, oili huteremka kutoka tangi hadi kwenye injini, na kijiti kinaonekana kikavu. Usiongeze. Washa, iache ipate moto na kunguruma dakika chache, zima, ndipo upime. Aliyehamisha tangi la oili kwenye mashine ya aina hii ajue kwamba urefu wa mabomba umebadilika, hivyo hata kiasi kimebadilika.

Harley-Davidson Sportster ya kupozwa kwa hewa nayo ina tangi la oili ya injini, lakini klachi na gia zina oili yao, kama lita 0.95, isiyochanganyika na ya injini. Ni kazi mbili tofauti.

Oili chafu inasema nini

Weusi peke yake si ugonjwa. Pitisha sumaku kwenye oili: unga laini kama masizi ni kawaida, vipande unavyoweza kuvihesabu si kawaida. Chembe za kung'aa zisizoshikwa na sumaku ni alumini, ya dhahabu ni bushi. Nyuzinyuzi za kahawia ni sahani za klachi zinazokwisha.

Oili nyeupe kama chai ya maziwa ina maji. Injini ya kupozwa kwa hewa haina maji ndani, kwa hiyo yameingia kutoka nje, na mlango wake kwenye pikipiki za kastomu karibu kila mara ni bomba la kupumulia injini. Wajenzi hulikata fupi na kulichomeka kifilta kidogo kinachopendeza macho. Mpira wa presha pale kwenye kuosha magari unalipiga moja kwa moja. Lirefushe, lipande chini ya tangi, kisha literemke likiangalia chini. Safari fupi za baridi ya Juni hadi Agosti nazo huacha unyevu. Endesha nusu saa mfululizo mara moja kwa wiki uishe.

Oili inayonuka petroli na ambayo usawa wake unapanda bila kuongezwa inatokana na kabureta. Ama vali ya floti inayofunga petroli haizibi, ama jeti, tundu linalopimia petroli, ni kubwa. Mji huu uko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari na hewa ni nyepesi. Jeti iliyochaguliwa kwa maelezo ya mtu anayeishi pwani itamwaga petroli nyingi mno, nayo inaosha silinda na kulegeza oili. Rekebisha kabureta kwanza, kisha badilisha oili tena, hata kama ina siku mbili.

Baada ya hapo

Kagua bolti na usawa baada ya kilomita 50. Injini iliyojengwa upya ibadilishwe oili kwenye kilomita 100, kisha 500, kisha 1,000. Baada ya hapo, kila kilomita 2,000 kwa oili ya kawaida ni kipimo kizuri mjini. Mwenye filta ya wazi badala ya boksi la hewa, anayepita vumbi la Ruai au Kitengela, apunguze hadi 1,500.

Oili chafu irudishe kwenye chupa uliyonunulia mpya, uifunge, uipeleke gereji yenye pipa la kukusanyia, ambako huchukuliwa na wenye leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira. Isiingie mtaroni, mitaro ya Kirinyaga Road inaishia Mto Nairobi, hatua chache kutoka pale ulipoinunua washa.